Bega la asili au la kinyume? Ninayo yote mawili mwilini, karibuni

BegaMbili (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu. Leo nimeamua kuandika kwa sababu swali ni lile lile kila mara: "Nimeambiwa bega limesagika na linahitaji kubadilishwa, niwekewe kiungo bandia cha aina gani?" Halafu majibu yanakuja kama ushabiki wa mpira, huyu anashangilia la kinyume, yule la asili (zote ni aina za bega bandia, nitazieleza), na aliyeuliza anaondoka kachanganyikiwa kuliko alivyoingia. Mimi kushoto niliwekewa bega la asili nikiwa na miaka 58, na kulia la kinyume nikiwa na 66. Si daktari. Ila nimesoma, nimeuliza mpaka nikawachosha watu, na kila asubuhi nikivaa shati mabega haya mawili hunipa majibu tofauti.

Tuanze na bega lenyewe. Kichwa cha mfupa wa mkono ni duara, nacho kimeegemea kikombe kilichopo kwenye kombe la bega. Tunakiita kikombe kwa mazoea tu, kwa kina chake ni kisoda. Chukua gololi kubwa, iegemeze kwenye kisoda kilichosimama wima, uone kama itakaa. Kinachofanya ya kwako ikae ni misuli minne midogo ambayo kano zake zinalikumbatia lile duara, ambayo madaktari huiita roteta kafu. Ukinyanyua mkono, deltoidi (ule msuli mnene wa nje ya bega) huuvuta mfupa kwenda juu, na ile minne inalibana duara libaki katikati ya kisoda. Kano zikichanika sana, duara linapanda na mkono hauendi popote, hata ukiwekewa kichwa kipya kinachong'aa. Wavivu wa kusoma mnaweza kuishia hapa, maana mengine yote yanatoka kwenye hilo.

Sasa aina zenyewe.

Ya zamani kuliko zote ni nusu: kinabadilishwa kichwa peke yake, kikombe kinabaki chako. Ya pili ni bega kamili la asili. Kichwa kinakuwa cha chuma na kikombe kinavikwa plastiki ngumu, duara pale pale lilipokuwa na kisoda pale pale. Linafuata umbo ulilozaliwa nalo, kwa hiyo linategemea zile kano nne kama ulivyokuwa ukizitegemea. Ya tatu ni la kinyume. Hapo duara linafungwa kwa skrubu kwenye kombe la bega, na kikombe kinakwenda juu ya mfupa wa mkono. Nilipochorewa mara ya kwanza nilidhani daktari kakosea mchoro.

Lakini ujanja uko hapo hapo kwenye kugeuza. Kitovu cha mzunguko kinasogea ndani na chini, deltoidi inavutika na kupata wenzo mrefu zaidi, basi inaweza kunyanyua mkono peke yake bila kusaidiwa na zile kano. Aliyefanikisha wazo hilo ni Paul Grammont, daktari wa Dijon, Ufaransa, mwaka 1985. Wengine walishajaribu kugeuza kabla yake, ila kitovu cha mzunguko waliweka mbali na kombe, na vyuma vikawa vinang'oka. Marekani walikuja kuliruhusu mwaka 2003. Kwa hiyo anayekuambia la kinyume ni kitu cha juzi, mwambie juzi hiyo ina miaka arobaini.

Bega langu la kushoto: picha ya CT ilionyesha kikombe kimelika sawasawa pande zote, MRI ikaonyesha kano nzima. Umri 58, nikawekewa la asili. Kitu kimoja nilikipenda kwa yule daktari, hakuniahidi kama litakuwa na shina au halina. Shina ni ule msumari mnene unaoingia ndani ya mfupa wa mkono. Vipo viungo visivyo nalo kabisa, vinashika kwenye mfupa wa juu tu. Alisema, "Nitakata kichwa, kisha nitaubonyeza mfupa kwa kidole gumba. Ukibonyea kama sponji, naweka shina. Ukigoma, naacha." Wa kwangu uligoma.

Bega la kulia lilikuwa hadithi nyingine. Kwenye eksirei ya kawaida lilionekana afadhali kuliko lilivyokuwa la kushoto. CT ndiyo iliyotoa siri: kichwa kilikuwa kimeteleza kurudi nyuma, kikachimba kikombe upande wa nyuma mpaka kikawa na mabonde mawili. Daktari wa Ufaransa aitwaye Walch aliyapanga maumbo haya kwa herufi mwaka 1999, na langu lilikuwa B2. Tena kano moja ilikuwa imeshaanza kuwa nyembamba. Umri 66. Hapo mazungumzo yakahamia kwenye la kinyume.

Matokeo? Maumivu yale ya usiku, ya kugeuka kitandani ukaamka unasaga meno, yamekwisha pande zote mbili. Kunyanyua mkono kufikia rafu ya juu, sawa kwa sawa. Tofauti iko mgongoni. Mkono wa kushoto unafika kiunoni nyuma na kupanda kidogo. Wa kulia unakwama mfuko wa nyuma wa suruali. Shati nachomekea mbele kwa mikono miwili, nyuma kwa mmoja. Na nisiwafiche, chooni ilibidi nijifunze upya kutumia mkono wa kushoto, na mimi ni mtu wa kulia. Hili hakuna aliyeniambia kabla.

Maswali yaje.

---

Gololi_75

Mkuu umeeleza vizuri, hasa kisoda. Ila sijaelewa jambo moja. Kama la kinyume halihitaji kano, na kano za kila mtu huchakaa kadiri umri unavyokwenda, si bora kila mtu awekewe la kinyume tangu mwanzo? Kwa nini mtu ahangaike na la asili halafu arudi tena mezani?

---

BegaMbili

Gololi_75, umeuliza swali ambalo wapasuaji wenyewe wanavutana nalo. Zamani mpaka ulikuwa wazi: kano nzima, la asili, kano zimechanika, la kinyume, tena kwa wazee wa miaka 70 na kuendelea. Mpaka huo umefifia. Siku hizi wengi wenye kano nzima kabisa lakini umri umesogea wanawekewa la kinyume, kwa hesabu hiyo hiyo unayoipiga wewe.

Ushahidi? Mwongozo wa mwaka 2020 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, ulisema mwenye kusagika kwa bega na kano zisizochanika apewe la asili, kisha wenyewe wakaomba utafiti zaidi wa kulilinganisha na la kinyume kwa watu wa miaka 60 na zaidi. Mwaka 2024 jarida la kitabibu la BMJ likatoa uchambuzi wa kumbukumbu za wagonjwa wa Uingereza wa umri huo. Katika miaka 3 ya mwanzo waliowekewa la kinyume walirudiwa upasuaji mara chache kuliko wenzao wa la asili. Baada ya hapo tofauti haikuwa wazi, na kwa jinsi wagonjwa wenyewe walivyoeleza hali zao, hakuna aliyemwacha mwenzake mbali.

Angalia mtego uliopo lakini. Hizo ni kumbukumbu, si watu waliogawanywa kwa kura. Daktari alimchagulia kila mmoja kwa sababu zake, na takwimu haziwezi kuzisafisha sababu zote hizo. Halafu "kurudiwa upasuaji" ni kipimo kinachodanganya kidogo: la asili likiharibika lina pa kukimbilia, linageuzwa kuwa la kinyume. La kinyume likiharibika, milango ni michache, na daktari anaweza kusita hata kama mgonjwa anateseka. Asiyerudishwa mezani si lazima awe mzima.

Kuna na mgongo wangu niliousema. Ukitaka mzunguko wa ndani, yaani mkono kufika nyuma, la asili kwa kawaida linakupa zaidi.

---

Tofali_Zito

Nina miaka 46. Nimenyanyua vyuma tangu nikiwa na 19, bega la kulia limekwisha, mfupa kwa mfupa. Daktari wa kwanza kasema la asili, wa pili kasema nusu, wa tatu kasema nivumilie. Nani mkweli?

---

BegaMbili

Mkuu, wote watatu wanaweza kuwa wakweli, tatizo ni umri wako.

Kwa wengi, bega kamili la asili linatuliza maumivu kuliko nusu, na hilo limeonekana tena na tena. Nusu ina ugonjwa wake: chuma kinasugua kikombe chako cha mfupa siku baada ya siku, na kinakila. Lakini bega kamili nalo lina sehemu dhaifu, ambayo ni ile plastiki ya kwenye kikombe. Imeshikiliwa na vigingi vidogo na sementi ya mfupa. Kila kichwa kinapoegemea ukingo mmoja, ukingo wa pili unanyanyuka kidogo. Umewahi kung'oa kigingi cha kamba ya mbuzi? Huking'oi kwa kukivuta, unakitikisa huku na huku. Ndicho kinachotokea humo ndani, na mtu anayesukuma kilo mia kifuani anakitikisa haraka.

Kuna utafiti wa BMJ wa 2019 uliopiga hesabu ya uwezekano wa kurudiwa upasuaji maisha yote. Kwa wanaume wa miaka 55 hadi 59 ulikuwa karibu 1 kati ya 4. Kwa wanawake wa 85 na zaidi, 1 kati ya 37. Wewe una 46 na bado unataka kubeba. Ndiyo maana yule wa tatu kakwambia uvumilie. Si kwamba hajui kazi.

Njia za katikati zipo. Moja ni nusu yenye kichwa cha pairokaboni badala ya chuma, kitu laini kwa mfupa, nia ikiwa kikombe kisiliwe upesi. Nyingine imetangazwa sana na Frederick Matsen wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle: kichwa kinabadilishwa, kikombe kinachongwa kilingane na kichwa kipya, plastiki haiwekwi kabisa. Hakuna plastiki, hakuna cha kulegea. Bei yake unailipa kwa mazoezi, ni kunyoosha kila siku kwa miezi, na bega linaweza kuuma muda mrefu kabla ya kutulia. Kwa mvivu haifai. Wewe vyuma vya miaka 27 vinaonyesha si mvivu.

---

Mbishi_wa_Zamu

Haya yote ni biashara ya makampuni. Leo plastiki, kesho pairokaboni, keshokutwa dhahabu. Mmeshajiuliza kwa nini kila baada ya miaka michache linatoka toleo jipya kama simu?

---

BegaMbili

Mbishi, karibu, uzi bila wewe haukamiliki.

Sikupingi moja kwa moja. Kuna wakati ilionekana akili kuweka bamba la chuma nyuma ya plastiki ya kikombe ili mfupa uote na kukishika. Kwenye karatasi ilipendeza. Kwenye mabega ya watu, nyingi za aina hizo zilirudishwa mezani zaidi kuliko plastiki tupu iliyoshikwa kwa sementi, maana chuma kinakula nafasi, plastiki inakuwa nyembamba, inakwisha. Kwa hiyo ndiyo, upya si sifa. Lakini aliyegundua hilo si mbishi wa kijiweni. Ni nchi zilizoandika kila kiungo kilichowekwa na kila kilichotolewa. Kumbukumbu za Australia ndizo pia zinazoonyesha kwamba vikombe vya plastiki iliyoimarishwa kwa mionzi vinarudishwa mara chache kuliko vya plastiki ya zamani. Hilo ni toleo jipya, na limesaidia.

Na kama unataka ukale, daktari Péan wa Paris aliweka bega bandia la platinamu na mpira mgumu mwaka 1893, kwa mgonjwa aliyekuwa na kifua kikuu cha bega. Likatolewa baada ya kama miaka miwili kwa sababu ya maambukizi. Sidhani ungelitaka.

---

NesiWaKijani

Nimefanya kazi chumba cha upasuaji miaka mingi. BegaMbili ameongea vizuri kuhusu vyuma, lakini mimi naomba niseme juu ya ngozi, kwa sababu watu wanauliza aina ya kiungo na kusahau kinachoweza kukiharibu hata kiwe cha aina gani.

Begani kuna bakteria anaitwa Cutibacterium acnes. Anaishi kwenye vinyweleo vyenye mafuta, ni yule yule wa chunusi. Hana haraka. Bega haliwi jekundu, hakuna homa, hakuna usaha. Linauma tu na kukakamaa, mwezi baada ya mwezi, na mgonjwa anaambiwa ongeza mazoezi. Maabara wanatakiwa wakae na kipimo kama siku 14 kabla ya kusema hamna kitu, maana anaota polepole. Kwa hiyo mkipewa dawa ya kupaka ya benzoili peroksaidi siku chache kabla ya upasuaji msicheke kwamba mmepewa dawa ya chunusi. Na kwapa msijinyoe wenyewe kwa wembe.

Lingine, sindano za steroidi. Ukishapanga tarehe ya upasuaji, mwambie daktari lini ulichomwa mara ya mwisho. Ndani ya miezi 3 wengi watasogeza tarehe.

La mwisho, ganzi ya shingoni. Mnaamka mkono umekufa, sauti imekwaruza, kope ya upande huo imelegea, na wengine pumzi inakuwa fupi kidogo. Mke wa mgonjwa mmoja alipiga kelele wodi nzima kwamba mumewe kapata kiharusi. Kesho yake asubuhi kope ilikuwa imesharudi, na mzee anaomba chai.

---

MamaWaPacha

Nesi umenichekesha na kunitisha kwa pamoja.

Mama yangu ana nusu, ana miaka 11 nayo. Miaka kama 7 ilikuwa safi, sasa maumivu yamerudi, mkono unafika usawa wa kifua tu. Tumeambiwa kikombe kimelika na kano zimekwisha, wanataka kumwekea la kinyume. Ana 78. Watang'oa lile shina la zamani? Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

---

BegaMbili

Pole dada. Inategemea shina lenyewe ni la mfumo gani. Yapo yanayoruhusu kubadilishwa sehemu ya juu tu: kichwa kinatolewa, kikombe cha la kinyume kinafungwa pale pale, shina haliguswi. Kama ni la kipande kimoja, au limekaa juu mno, au limeshikwa kwa sementi nyingi, itabidi litoke, na hapo wakati mwingine mfupa unapasuliwa kwa urefu kama ganda kisha unafungwa kwa waya. Upasuaji unakuwa mkubwa zaidi.

Tafuta kadi au ripoti ya upasuaji wa kwanza, iandikwe jina la kiungo na saizi. Nimeona watu wanafika wakiwa na eksirei tu, na daktari anaanza kubahatisha chapa kwa kuangalia umbo. Mama hajatunza?

---

MamaWaPacha

Ipo! Iko kwenye bahasha ya vyeti vya ubatizo, sijui kwa nini. Naipeleka.

---

Mnyoosha_Viungo

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo hapa. Watu wanadhani wiki za kwanza ni zile zile kwa aina zote, si kweli.

Bega la asili: ili kuingia, mpasuaji huikata au kuibandua kano ya mbele kisha akaishona upya. Kano hiyo ndiyo maisha ya kiungo. Kwa hiyo wiki 6 hivi mkono haupelekwi nje kupita kiwango alichoandika daktari, hausukumi mlango, na huvuti kitu kuleta tumboni. Nimepokea mgonjwa wa wiki ya nne aliyezuia mlango usimgonge mtoto. Alisikia "tap", basi.

La kinyume: adui ni kuteguka. Mkao mbaya kuliko yote ni mkono ukiwa nyuma, umebanwa ubavuni, umegeuzwa ndani. Maana yake nini nyumbani? Ni pale unapojisukuma kuinuka kwenye kiti, kiganja kikiwa nyuma ya nyonga. Watu hufanya hivyo bila kufikiri. Mimi huwaambia waweke mto upande huo wa kiti, mkono ukose pa kukanyaga.

Na kwa wa la kinyume: ukipata maumivu mapya ya ghafla juu kabisa ya bega, kwenye ule mfupa wa ncha, miezi kadhaa baada ya kupona, usisugue dawa ya misuli. Deltoidi inavuta kwa nguvu mpya pale inaposhikilia, na mfupa huo unaweza kupata ufa. Rudi ukapigwe picha.

---

BegaMbili

Mnyoosha_Viungo, hilo la kiti ni kweli tupu. Mimi nililala kwenye kiti cha kuegemea wiki tano, na mke wangu aliufunga mkono wa kiti upande wa kulia kwa kanga ili nisiuguse. Usiku wa kwanza nilijaribu mara tatu.

---

Gololi_75

Swali la mwisho mkuu, nisikuchoshe. Nikienda kumwona daktari wiki ijayo niulize nini?

---

BegaMbili

Usianze na "la kampuni gani". Muulize: kano zangu zikoje, na umejuaje, kwa MRI, kwa ultrasaundi, au kwa kuushika mkono tu? Kikombe changu kimelika upande gani, na umeona kwenye CT au kwenye eksirei? Umeweka mabega mangapi ya aina hii mwaka uliopita? Na hiki unachoniwekea kikishindwa, utakwenda wapi? La mwisho hilo likijibiwa kwa kigugumizi, tafuta maoni ya pili.

Wengi watapata muda mrefu. Karibu 9 kati ya 10 hudumu zaidi ya miaka 10, hivyo usiende kama unayekwenda kunyongwa.

---

Tofali_Zito

Umesema mabega yanatofautiana ndani. Kwa nje je? Ukivua shati kuna anayejua?

---

BegaMbili

Kovu la mbele pande zote mbili, kama kidole cha shahada kwa urefu, la kushoto limeshafifia. La kushoto ukiliangalia ni bega tu. La kulia limeporomoka kidogo, ule mviringo umepungua, ncha ya mfupa imechomoza juu. Na mkono wenyewe umerefuka, maana la kinyume linausukuma mfupa chini ili kuivuta deltoidi. Wa kwanza kuona alikuwa fundi cherehani. Alipima mara mbili, akaangalia futi yake, akapima tena, kisha akaniuliza kama nimesimama vizuri. Siku hizi naagiza mkono wa kulia wa shati uongezwe upana wa kidole.